Muguu Yenye Ililala Kando ya Mbabula

Kadutu, kwa dada yako

Baba Nsimire,

Nakusalimia, na najua salamu hii inakukuta na uso yenye kukunjama. Jumatano ile ulishuka mpaka ku kivuko, ukangoja boti, watu wote wakatoka na mizigo yao, sisi hatukutoka. Mutu wa boti aliniambia ulibaki umesimama pale mpaka wakaanza kupakia ndizi. Nisamehe. Mutoto iko muzima. Anakula, analala, anasumbua. Mimi pia niko muzima. Narudilia: mutoto iko muzima. Sasa unaweza kuketi na kusoma pole pole, juu habari ni ndefu, na kosa ni yangu, haiko ya mutoto wala ya watu wa atelie ya miguu.

Wewe uko namna gani? Kifua imepoa? Yale majani ya chai nilikuachia, unakunywa ao unayaangalia tu? Magoti ya mama yako inamusumbua bado wakati wa mvua? Mbuzi alizaa? Nilikupigia simu mara tatu, yule mwanamuke wa ndani ya simu anasema haupatikani, nikajua haujapanda kilima kutafuta rezo. Ni vizuri hata. Mu simu ningesema mbio mbio na ungesikia vibaya. Unajua niliacha masomo mu mwaka ya ine, kwa hiyo kama herufi zinapanda na kushuka, zifuate ginsi unafuatanga njia ya kwetu.

Nianzie mwanzo. Tangu nyoka ya mu kahawa itunyang'anye muguu ya mutoto chini ya goti, mimi nilifikiri muguu ya kutengenezwa ni muti, sawa ile ya muzee wa soko mwenye alikuwa anagonga chini, ko, ko, ko. Kumbe hapana. Ni plastiki. Hapa atelie kuko teknisie moja, Nsimire anamuita tonton Bisimwa. Alivalisha soksi ku sehemu yenye ilibaki, akaizungushia platri, ile ya kufungia watu wenye kuvunjika, akaivua kama vile mutu anavua buti. Ndani akamwanga platri ingine. Ilipokauka akapasua ile ya inje, na mimi nikaona goti ya mutoto wangu imekuwa jiwe nyeupe, na kovu yake kiloko ya pembeni, yote iko pale.

Kiisha akatoa ubao ya plastiki, mugumu, rangi ya chai ya maziwa. Iko na jina refu kama padri wa zamani: polipropilene. Akaiingiza mu furu kubwa, sawa ya watu wa mikate. Mimi nilikuwa ku dirisha nachungulia, nikajisemea: leo wanaoka muguu. Ilipotoka, wakaifunika ku ile goti ya jiwe, ikakumbata, ikapoa, ikakuwa ngumu. Chini wakafunga unyayo ya mupira, na vidole vitano, na hata kucha. Nilikunja vile vidole na mukono yangu, nikaachilia, vikarudi mahali pao. Nikauliza kama ni mupira ya miti. Tonton Bisimwa akaniambia maji ya muti peke yake, jua ikiwaka inashikamana na vidole kama ulimbo, haina kazi. Mupaka waipe unga ya manjano yenye kunuka, yenye iko mu kiberiti, na waipike mu kalibu. Ikitoka pale, uikunje ginsi unataka, inarudi. Nikamuuliza ni nani alikuwa wa kwanza kuwaza kupika mupira. Akasema watu wengi waliharibu sufuria za bibi zao mbele ya kufika.

Nakuandikia hii yote ili ujue nilikuwa nimeangalia vizuri. Unajua nilikulia mu matofali ya papa, muzee mwenye alinizaa. Tofali ikisha kupita mu tanuru, mvua inaweza kuipiga mpaka ichoke, na moto haiiwezi tena. Kwa hiyo niliona furu, nikajiambia muguu hii na moto wameisha kujuana.

Sasa sikia. Jumatatu, siku mbili mbele ya boti, tulienda soko kununua sabuni ya mama yako. Mvua ikatupiga ku mupando. Njia ya hapa ni ngazi ya matope. Nsimire akaanguka mara moja, akasimama mwenyewe, akakataa mukono yangu. Tulifika nyumbani muguu imejaa maji mpaka ndani, inatoka ku matundu ya misumari. Nikawaza: itaoza. Sisi watu wa kisiwa, vitu vyetu vyote maji ndiyo inaharibu, mutumbwi, paa, mahindi. Dada yako alikuwa ameweka maharagi ku mbabula, jiko yake ya moto ya makala. Mutoto akaingia chumbani kubadilisha nguo, mimi nikaegemeza muguu kando ya makala, ile sehemu ya juu yenye inakumbata goti, nikaenda ku robine kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu.

Kurudi, nasikia harufu ya bugi, mushumaa yenye wamezima sasa hivi. Nsimire iko ku kizingiti, amesimama na muguu moja, ameshika mulango.

"Mama," akaniambia, "muguu yangu imelala."

Ilikuwa imelala kweli. Ukingo ya juu imejikunja ndani kama sikio ya mbuzi. Nikaishika, ikanichoma vidole, nikaivuta ili isimame sawa, ikafuata mukono yangu kiloko, kiisha ikapoa na kuwa ngumu vile vile vibaya. Mama Chance, dada yako, akatoka inje na mwiko.

"Mama Nsimire, maharagi haijaiva, na muguu umeisha kuipika?"

Kiisha akaona uso yangu, akanifunga mukono na kitambaa ya baridi.

Asubuhi nikafunga muguu mu kitenge, tukaenda. Njiani nilitengeneza uongo. Niko nakuambia juu hata hii usiisikie kwa mutu mwingine.

"Ni jua," nikamuambia tonton Bisimwa. "Niliianika ku jua."

Akageuza uso ku dirisha. Inje mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

"Jua ya wapi, maman? Ya Kinshasa?"

Na mutoto wako, bila kuulizwa: "Alinipikia muguu, tonton. Pamoja na maharagi."

Watu wenye walikuwa wanangoja wakacheka. Mimi nikalia. Yule muzee wa pembeni akaniambia nisilie, yake ilitafunwa na mbwa.

Tonton Bisimwa hakukasirika. Lakini kulia kwangu ilipoisha, swali ikabaki. Nikamuuliza: "Hii ilipita mu furu, niliona na macho yangu. Tofali ikisha kupita mu moto, imemaliza. Juu ya nini hii ilikubali mbabula ya maharagi?"

Akaweka tupa yake chini. Akaniambia moto inabadilisha udongo ya tofali, hakuna njia ya kurudi. Lakini plastiki ya namna hii, moto inailegeza tu. Ikipoa, inakaza. Uipashe tena, inalegea tena.

Nikawaza. "Kumbe ni mawese," nikasema. "Asubuhi inaganda mu chupa, ku moto inayeyuka, kesho inaganda tena. Haiko tofali."

Akacheka. "Nilisoma miaka tatu, maman, na hakuna mwalimu alinielezea vile."

Kiisha akaniita ku meza ingine. Pale kuko rezini, iko kama asali. Akamwanga mu kopo, akaweka matone ya dawa, akakoroga, akaniambia nishike kopo. Baba Nsimire, hakukuwa moto, hakukuwa kiberiti, na kopo ikaanza kupata joto yenyewe mu mukono yangu, kwanza kama yai yenye kuku ametoka kulalia, kiisha nikaiweka chini mbio. Wakati kidogo, asali imekuwa jiwe. Akachukua kile kimashine chake chenye kupuliza hewa ya moto, akapulizia pale. Haikulala.

"Hii ndiyo tofali," nikamuambia. "Sasa utengenezee mutoto na hii, na mimi nitapata usingizi."

"Nsimire atabaki na miaka tisa?" akaniuliza.

Nikageuka kuangalia mutoto.

"Mutoto anakomaa, mufupa inasukuma. Ile ya mawese, mahali inamuumiza naipasha kidogo, naisukuma na kidole gumba, inakubali. Hii ikimubana, ni ya kutupa."

Nilikaa na neno ile siku nzima. Ule ulegevu nilikuwa nalaani, kumbe ndio unamupa mutoto nafasi.

Lakini muguu yetu ilikuwa imeharibika kupita ya kusukuma na kidole. Ilibidi kuanza tena, na mbao za plastiki zenye unene yake zilikuwa zimekwisha. Zinatoka mbali. Akasema labda wiki moja, kiisha akasema hajui. Ndiyo ginsi boti ilituacha. Nsimire akarudi ku magongo. Hakunilaumu. Aliketi tu ku kizingiti akihesabu watu wenye kupita, na hiyo iliniuma kupita kulaumiwa. Kila asubuhi nilienda atelie kuuliza, mpaka mulinzi akaanza kutikisa kichwa nikiwa mbali.

Ijumaa hakutikisa: mbao zimefika.

Wakaanza upya, soksi, platri. Tonton Bisimwa akapima, akakunja paji. Ile sehemu ya muguu yenye ilibaki ilikuwa imekonda. Akasema ni kawaida, mwanzoni inakondanga, na akamuuliza mutoto kama ile ya kwanza ilikuwa inacheza. Nsimire akaangalia chini.

"Nilikuwa naweka kitambaa ndani," akasema. "Nikisema, hatupandi boti, na papa anangoja."

Mara ngapi nilimuuliza kama anaumia? Kila siku. Kila siku alinijibu hapana, na ile kovu yake ilikuwa imeisha kukuwa nyekundu. Kwa hiyo sijui niseme nini juu ya maharagi yangu. Sitaki kujisifu, kosa ni kosa. Lakini angekuja na ile, mungekuwa munafurahi ku kivuko, na ndani iko anachubuka.

Ubao ilipoingia mu furu, tonton Bisimwa akaniita karibu ya kioo. "Mama wa mawese, kuja uniambie wakati imeiva." Alisema kwa mchezo, mimi sikucheza. Sasa sikia ginsi inaiva. Rangi ya chai inaanza kuondoka ku pembeni. Pale inakuwa wazi kama maji, unaona chuma ya nyuma. Ule uwazi unatembea polepole kuingia katikati. Yeye alikuwa amevaa gani zake, zile soksi za mikono, tayari, na mukono yake ku mulango.

"Bado," nikasema. "Katikati kuko wingu."

Akaangalia, akarudisha mukono. Tukangoja. Wingu ikawa sawa sarafu, kiisha sawa punje ya muhindi, kiisha hakuna.

"Sasa."

Wakaitoa watu wawili, inaninginia kama unga ya mandazi, wakaifunika ku goti, mashine ikavuta hewa, na ikaenda kukaa ku kila kona. Wakati ilianza kupoa, ile rangi ya chai ikarudi polepole.

Ndani ya barua hii kuko kipande yenye walikata. Hiyo alama katikati ni kidole changu gumba, walinivalisha zile gani za mikono nikabonyeza. Wewe unazibanga matundu ya bidon za maji na kisu ya moto, kwa hiyo jaribu na hii, uangalie kama itakuwa wazi mbele ya macho yako. Lakini jaribu na kipande tu. Nakujua. Muguu ikipata hata mukwaruzo, usiikaribie na kisu yako. Na ule musumari wa ku ukuta, mbali ya jiko, toa mufuko yako pale. Muguu ndiyo italala pale.

Nsimire anatembea. Asubuhi anashuka mpaka soko na kupanda, hana kitambaa ndani, nachunguza kila jioni na anakasirika: "Mama, unaniangalia kama furu." Tonton Bisimwa anataka tukae mpaka Jumatatu aone kama hakuna mahali nyekundu. Akikubali, tunapanda boti ya Jumatano.

Salamia mama yako, umuambie sabuni yake iko, haikuyeyuka. Salamia Bahati mudogo wako, na asante kwa kuchunga mbuzi. Salamia mwalimu wa Nsimire, umuombe amuwekee benchi yake ya zamani, karibu ya dirisha, haiko ile ya mulangoni alimupa juu ya magongo. Mama Chance anakusalimia, anasema ulete ndizi, tumemumalizia makala.

Neno moja imebaki. Nakujua, ukiona boti utaingia mu maji na nguo, utageuza mugongo ili apande. Usiingie. Mimi niliogopa maji na nikaamini moto, kumbe ilikuwa kinyume. Maji haifanyi muguu hii kitu, tonton Bisimwa aliizamisha mu ndoo mbele yangu, akaitoa, akaipangusa na shati yake. Pale boti inasimama, maji inafika mutoto ku magoti. Atashuka kama watu wengine. Mimi nitakuwa nyuma yake, mikono yangu nitaifunga mu kitenge. Wewe simama ku majiwe makavu, mikono chini, umungoje afike.

Ni mimi bibi yako,
Mama Nsimire