Kasiye ya Papa Barthélemy

Siku ya Kwanza, 9 septemba 2024
Binti yangu Bénédicte amenifundisha neno moja la Kingereza. Run. Mimi nilijua ni kukimbia, basi. Kumbe! Mashine ikizunguka – run. Mutu akiendesha duka lake – run. Pua ya mutoto ikichuruzika, rangi ya kitenge ikitoka majini – run tena. Nikamuuliza, hao watu walikosa maneno? Akacheka mpaka akakohoa. Eti bado hajanitajia hata nusu. Siku ya posho, tarehe 14, anafanya mutihani wa ukalimani. Avenue nzima, wangu tu ndiye ameitwa.

Siku ya Pili, 10 septemba
Soko ya Kituku, kwenye meza yangu ya samaki, sambaza. Nimewaelezea wateja wote lile neno. Muteja mumoja mutoto wake alikuwa na kamasi, nikamwambia hiyo nayo ni Kingereza. Mama Perpétue wa meza ya pembeni anasema leo nimetangaza binti kuliko samaki. Ndiyo. Samaki sikuzaa mimi.

Siku ya Ine, 12 septemba
Shemeji Ferdinand amekuja. Tangu mume wangu afariki, anajiona baba wa nyumba hii. Papa Barthélemy, mufugaji wa Masisi, anamutakia kijana wake Bénédicte. Watakuja kumuomba siku ya posho asubuhi – saa ya mutihani kabisa. Nikasema siku hiyo mutoto hayuko. Eti mutihani utarudi, ng'ombe za mahari hazirudi. Halafu: "Kingereza kinakamuliwa?" Nikamujibu, shemeji, ng'ombe zinaibwa kila mwezi huko. Kingereza cha mutoto wangu, nani atakiswaga?
Ameondoka bila kumaliza chai. Nikaimaliza mimi.

Siku ya Tano, 13 septemba
Bénédicte hajala. Anasema heri aache, nisigombane na ukoo. Nikamwambia: vita ilipofika, tulitoka Kibati na godoro kichwani, wewe na vitabu ndani ya sufuria. Kukimbia tunakujua vizuri sana. Kasome zile maana zingine.
Shati lake nimepiga pasi mimi mwenyewe.

Siku ya Posho, 14 septemba
Alitoka mulango wa nyuma, akapanda moto, pikipiki ya jirani Cirimwami. Wageni hao wakaingia mbele: Papa Barthélemy, kijana wake, na kasiye nzima ya bière, kreti ya chupa za bia. Ferdinand akaenda kumwita mutoto, akakuta kitanda kimetandikwa. Akaninong'oneza: onja tu, mama, akirudi jioni atakuta mambo yameisha.
Ninajua. Kwetu, bière ya kuomba binti, mama yake ndiye anaonja wa kwanza. Akionja, amekubali. Asipoonja, hakuna anayekunywa.
Basi nimekaa juu ya kasiye. Mwili huu Mungu hakunipa bure.
Papa Barthélemy, muzee wa heshima, ameuliza: "Mama, utakaa hapo mpaka lini?" Mpaka mutoto arudi, papa, ajibu kwa kinywa chake. Kijana wake ameniuliza polepole, mutihani ni wa nini? Nikamuelezea lile neno, pua na duka na yote. Amecheka. Baba yake amemukata jicho.
Wananiona ninaandika, wanadhani ninapanga ng'ombe nitakazoomba. Wadhani. Vizibo vinanichoma. Ferdinand ananizunguka, kifungulio mukononi. Azunguke.
Moto imesimama inje. Bénédicte anaita, mama! Sauti siielewi – ya furaha ama ya kilio.
Siinuki.