Karanga za Nkowe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia uwanja. Nimeanika karanga zangu kwenye turubai na kuzigeuza. Eda inaendelea, sitoki. Shemeji Issa amepita na pikipiki kutoka Nkowe, ameniletea kopo la karanga. Aliyezituma ni Somoe, mke mwenzangu. Ni mavuno ya mwisho ya mume wetu, shamba la huko kwake. Gunia zima liko kwake. Kaburi pia liko kwake. Mimi nimepata kopo.

Jumatano, 6 Agosti

Watafiti wanapita nyumba kwa nyumba hapa Kiegei. Wanapima sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye karanga na mahindi. Aliyekuja kwangu ni binti anayeitwa Neema. Anasaga karanga, anazitikisa na spiriti, anachuja, anadondoshea kwenye kijikaratasi. Halafu anamulika kwa taa ya zambarau. Kwenye kijikaratasi kuna vitu anaviita vidoa vya kwanta. Vidogo mno, hata hadubini ya shuleni haivioni, lakini vikimulikwa vinawaka rangi. Mstari wa vidoa hivyo ukiwaka vizuri, karanga ni safi. Ukififia, sumu ipo. Mimi nilidhani ni kinyume chake.

Nilimuuliza kama sumu hiyo inaharibu ini. Akasema ndiyo, ukiila muda mrefu.

Mume wangu alikufa kwa ini. Macho ya njano, tumbo limejaa.

Nikampa konzi mbili. Moja ya turubai, moja ya kopo. Nikasema zote ni zangu. Natamani ya Somoe iwe mbaya. Nimeiandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Neema amerudi na majibu. Yangu iliwaka nyekundu. Ya kopo haikuwaka kabisa.

Nilifurahi. Kumbe alikula kwake, akaumwa kwake, akafa kwake.

Neema akasema, "Mama, hizo za kopo usizile. Hata kuku usiwape. Kuzikaanga hakuondoi kitu. Ila siwezi kukuambia ndizo zilizomuua baba." Akasema pia konzi moja haielezi gunia. Lazima achote juu, katikati na chini. Akauliza gunia liko wapi.

Nikasema limekwisha.

Jumapili, 10 Agosti

Somoe ana watoto wawili. Mimi sikujaliwa. Siku zote hizi sikuwaza watoto, mpaka leo nikikoroga uji. Gunia halijaisha. Wanalila.

Nimeshika simu, nimeiweka. Nitasema nini? Kwamba nilipima chakula chake kwa siri, nikitafuta ubaya?

Marehemu alikuwa anamenya karanga zilizokaangwa kwa kidole gumba, anapuliza ngozi, zile nzima ananiwekea mimi. Zilizovunjika anakula yeye. Najiuliza kama na Somoe alimwekea nzima. Hilo linaniuma kuliko sumu yenyewe. Aibu.

Jumatatu, 11 Agosti

Konzi moja si gunia. Nimejiambia hivyo kutwa nzima. Sikupiga simu.

Jumanne, 12 Agosti

Somoe amepiga mwenyewe, kunijulia hali. Naye yuko eda. Mtoto wake mdogo, Shabani, akamnyang'anya simu.

"Mama mkubwa, shikamoo. Leo tumekula kisamvu cha karanga. Nimelamba sufuria mimi, dada hajapata."

Nikaitikia marahaba. Nikakata simu. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi la uwanja.

Kisha nikampigia Somoe. Nikamwambia yote, hata uongo niliomwambia Neema. Asiwape tena watoto, hata punje.

Akauliza, "Dada, kwa nini ulipima zangu?"

Nikasema, "Wivu."

"Mimi ningekuwa na zako, ningezipima zamani."

Hakucheka. Niliyecheka ni mimi, kwa woga. Nikampa namba ya Neema. Neema naye nimempigia. Amenisikiliza tu, hakunigombeza. Ningependa anigombeze.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuna simu kutoka Nkowe. Nimeshindwa kula. Sasa ninaomba kwamba gunia liwe safi. Wiki iliyopita niliomba kinyume.

Jumatatu, 18 Agosti

Somoe amepiga. Neema alifika. Juu, katikati, chini, mstari haukuwaka hata mara moja. Watoto wamepelekwa zahanati, wameangaliwa, hawajaonekana kuwa na shida. Watarudi tena kuangaliwa.

Gunia amelimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, akafukia mwenyewe kwa jembe. Alipofika hapo akinisimulia, akaanza kulia. Zilikuwa karanga za mkono wa marehemu. Hatalima nyingine. Mimi pia nililia, na hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Watoto walikuwa wanagombana nyuma yake, nawasikia. Hata kwa kelele zile nilimwonea wivu. Nikazisikiliza mpaka simu ikazimika.