Pori Tupu

Richmond, Virginia
3 Machi 1996

Baba mdogo Muhidini,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi. Kifua chako kimepungua?

Chuoni tunasoma ramani za enzi Waingereza walipotawala hapa. Wilaya moja ilikatwa mara tatu. Shamba halikuhama, lakini hati zake zilibaki wilaya mama. Anayetafuta kaburi la babu lazima kwanza aulize mwaka ule mpaka ulipita wapi.

Mama ameandika kwamba kijiji jirani cha Kilale kinampa mwekezaji wa mabwawa ya kufugia kamba shamba letu, eti halijawahi kuwa na mwenyewe. Si ndiko alikozikwa baba? Wewe ulikuwa karani wa mipaka.

Mwanao,
Sihaba

Kibiti
20 Juni 1996

Mwanangu Sihaba,

Marahaba. Kifua hakitapona, nami sikuchelewa kwa sababu yake.

Mpaka wetu na Kilale ulikuwa mto. Mafuriko ya '74 yakachimba njia mpya, shamba la kaka Mshamu likabaki ng'ambo. Mwaka uliofuata tulikwenda kupima. Desturi ni kuuliza: nani amezikwa hapa? Penye kaburi pana mwenyewe.

Wakubwa wa Kilale walikuwa wameniahidi ukatibu kata. Nikajibu, "Hakuna mtu," nikaandika: pori tupu. Nami ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea baba yako. Mama yako alikuwepo siku ya kupima. Alinyamaza, akidhani msomi anajua afanyalo.

Ukatibu niliupata.

Baba yako mdogo,
Muhidini

Richmond
9 Septemba 1996

Mzee Muhidini,

Kikao cha Kilale ni tarehe 2 Novemba. Usinijibu mimi. Kawajibu wao.

Sihaba binti Mshamu

Kibiti
5 Novemba 1996

Sihaba,

Salamu sikudai. Nilipelekwa kwa baiskeli, nimefungwa kanga kiunoni nisianguke.

Mwenyekiti Hemedy akasema, "Mzee, ramani inaonyesha pori tupu."

"Ramani hiyo niliichora mimi. Nilisema uongo."

Wakacheka. Mmoja akauliza, "Na leo umeahidiwa nini?"

Wakataka kuliona kaburi. Nilizunguka majanini nisilione. Mama yako akanipita, akainama, akang'oa nyasi. Mawe mawili yakatokea.

"Siku ile ulikuwa na macho mazima, shemeji, ukaona pori," akasema. "Haya, andika."

Hemedy amesimamisha kazi ya mabwawa. Nimeandika jina la kaka yangu kwenye ramani, pale penye pori tupu. Linasomeka.

Muhidini,
baba yako mdogo, ukikubali