Miguu Yangu Imemponza Ngosha

Mpendwa Shangazi Mwaija,

Shikamoo. Naomba msaada na naomba unijibu mapema, maana mazoezi yetu yanakaribia kuisha na kuna mtu atanyang'anywa dramu kwa kosa ambalo ni langu mimi.

Naitwa Dorcas, naishi Mkolani, napiga tarumbeta, na nisikufiche Shangazi, napiga vizuri sana, hapa Mwanza ukitaja bendi inayomfanya bibi harusi ashuke garini acheze barabarani kabla hata hajafika ukumbini unatutaja sisi, na ukitutaja sisi unanitaja mimi. Siku zote tunapigia kwenye pikapu, sisi mbele, maharusi nyuma, tumesimama kwenye bodi tumewageukia, na sijawahi kukosa noti hata dereva akiingia shimo. Sasa kanisa letu lina jubilei, wazee wakaamua safari hii bendi iongoze maandamano kwa miguu, kutoka stendi ya Buzuruga mpaka mlango wa kanisa, gwaride kabisa, sare nyeupe na safu zimenyooka, na Mwalimu Chenge anayetufundisha hilo gwaride akaniweka safu ya mbele, katikati, kwa ajili ya tarumbeta langu.

Siku hiyo hiyo nikampigia simu mama. Mama anauza dagaa Ukerewe, na hajawahi kunisikia nikipiga hata mara moja, tangu nianze amekuwa akisema matarumbeta ni kazi ya wahuni wanaorukaruka kwenye magari ya watu. Nilipomwambia nitaongoza kanisa zima akauliza, "Kwa miguu? Siyo kwenye lile gari?" Nikasema kwa miguu, mama. Akasema, "Basi nakuja."

Kumbe sijui kutembea! Shangazi, usicheke. Nikiwa mikono mitupu natembea kama watu wengine, nikiliweka tarumbeta mdomoni tu miguu inapotea, wenzangu wakitoa kushoto mimi natoa kulia, nikijirekebisha wa nyuma yangu ananikanyaga kisigino, na tarumbeta lenyewe linanigonga mdomo mpaka umevimba. Nikaona aibu hii itanitoa safu ya mbele. Ndipo nikamfuata Ngosha, anayepiga dramu kubwa, ambaye ni mchumba wangu ingawa kanisani bado hawajui, nikamwambia usimwangalie mwalimu, angalia mguu wangu, nikikanyaga wewe piga. Akakubali, kwa sababu ni Ngosha na mimi nikimwomba kitu hajui kusema hapana.

Basi mimi nikawa nakanyaga sawasawa na dramu, mwalimu akanisifu, ila bendi nzima ikaanza kuyumba, maana nikichelewa dramu inachelewa, nikikimbia inakimbia, watu wakawa wanagongana migongo kama mbuzi wanaoingia zizini. Mwalimu Chenge akasimamisha mazoezi akamgeukia Ngosha mbele ya watu wote. "Bendi nzima inakusikiliza wewe, na wewe unatupoteza. Ukiendelea hivi dramu nampa Josephat." Ngosha akanitazama, akainamisha kichwa. Na mimi nikaangalia pembeni.

Nikisema ukweli natolewa mbele anawekwa Precious, ambaye tarumbeta analipiga kama mtoto anayeota meno lakini mguu wake hata askari anauonea wivu, na mama yangu atakuwa amevuka ziwa kuja kumtazama Precious. Nimewaza njia moja tu: niwashawishi wazee turudi kwenye pikapu, niseme jua ni kali, na wakikataa nisusie, maana bila mimi hakuna wimbo. Kwenye pikapu mimi sikosei, Ngosha anabaki na dramu yake, na kila mtu anafurahi. Je, niwaone wazee Jumapili hii?

Ni mimi Dorcas,
Mkolani, Mwanza.

Dorcas mwanangu, marahaba.

Wazee waache wapumzike, pikapu hakuna. Mama yako amekuuliza swali moja tu kwenye simu, tena la wazi kabisa, ukamjibu mwenyewe kwa mdomo wako. Leo unataka avuke ziwa lote lile, ashuke kwenye kivuko na gauni lake la kanisani, akukute juu ya gari lile lile? Hebu tuheshimiane.

Halafu hilo la kususia usilirudie. Umesema unapiga vizuri, nami nimekuamini. Anayepiga vizuri hatishi watu kwa tarumbeta lake.

Uliniomba nisicheke na nimecheka. Nimecheka kwa sababu ugonjwa wako naujua, nilipita JKT na gwaride nimelikanyaga mpaka kucha zikang'oka. Hebu niambie, mikono yote miwili ikiwa kwenye tarumbeta, ndani ya pikapu inayoruka mashimo, unajishikilia na nini? Unabana mguu wa kushoto kwenye ubavu wa bodi, unakaza goti, na ule wa kulia ulio huru ndio unaogonga mapigo. Kama unabisha tafuta video ya harusi yoyote mliyopiga, tazama miguu yako, tarumbeta liache. Umeufundisha mguu wa kulia kwamba wimbo ni wake. Gwaride linaanza na kushoto, na pigo zito la dramu linaangukia kushoto. Kwa hiyo kutembea unajua, mwanangu, ila hata ukiwa chini barabarani wewe bado umesimama kwenye gari.

Hilo linatibika. Lisilotibika kwa mazoezi ni la Ngosha, na hapo sicheki tena. Kijana amesimamishwa mbele ya bendi nzima, amedharauliwa kwa kazi anayoijua, akakutazama wewe, na wewe ukaangalia pembeni! Huyo ndiye unayetaka kuolewa naye? Amekutunzia siri, sawa, ni mapenzi. Wewe umemtunzia nini? Kwenye mazoezi yanayofuata, kabla mtu yeyote hajapuliza chochote, nenda kwa Mwalimu Chenge, mwambie: mimi ndiye niliyemwambia Ngosha afuate mguu wangu. Sema hivyo hivyo, Ngosha akiwepo na wenzako wakiwepo, maana alivunjiwa heshima mbele yao, na heshima yake irudi mbele yao. Akikutoa safu ya mbele, toka. Tarumbeta lako likiwa safu ya nyuma litasikika mpaka Kisesa, na Precious akae mbele mpaka mguu wako utakapostahili.

Sasa tuje kwenye mguu. Asubuhi, uani kwako, tarumbeta likiwa ndani. Simama, piga hatua pale pale bila kusogea, na kila mguu wa kushoto ukigusa chini tamka "kushoto" kwa sauti, majirani wacheke, wakichoka watanyamaza. Ukishazoea, badala ya kutamka imba wimbo wenu. Baadaye chukua kile kipande cha kupulizia peke yake, na tarumbeta zima liwe la mwisho kabisa, siku ambayo huwazi tena mguu upi ni upi. Hatua ziwe fupi. Kisigino kitangulie kugusa chini, wayo ulale taratibu mpaka vidole, na magoti uyalegeze kidogo. Unaukita mguu wote kwa mpigo mmoja, ndiyo maana tarumbeta linakugonga mdomo.

Na kama maelezo yangu hayaeleweki, mwalimu unaye, tena wa bure. Mwanamke aliyeuza dagaa Ukerewe miaka yote hiyo amejitwika beseni limejaa kutoka mwaloni mitumbwi inakotia nanga, kwenye mchanga na mawe, shingo imetulia na mgongo umenyooka, miguu ndiyo inayofanya kazi yote huko chini. Gwaride la bendi ni mwendo huo huo, weka tarumbeta mahali pa beseni. Mpigie mama, mwambie awahi kuja, siku kadhaa kabla ya jubilei. Usimwambie njoo unione. Mwambie, "Mama, kuna kutembea kumenishinda, njoo unifundishe." Utasikia atakavyofoka. Halafu utasikia anauliza kivuko kinaondoka saa ngapi. Mpe ndoo ya maji, nawe jitwike yako, mfuate nyuma hapo uani mpaka maji yako yaache kumwagika.

Siku yenyewe mkitoka Buzuruga, sikiliza dramu ya Ngosha na umwamini, maana sasa ataipiga inavyotakiwa. Utatamani kugeuza shingo kumtafuta mama kando ya barabara. Usithubutu. Macho mbele, kidevu juu, kushoto, kushoto, kushoto. Yeye atakuona kabla hujamfikia, na hatauliza yupi ni mtoto wake. Mwendo ule anaujua, ni wake.

Shangazi Mwaija