Bi Saumu, Nimezitenganisha Kontrola

Bi Saumu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikangoja kidogo, kama mjinga, nisikie ile marahaba yako ndefu ya kwenu Msambweni. Basi naendelea.

Nakuandikia kukushukuru. Na kukiri kosa ambalo uliondoka hujalijua.

Unaikumbuka barua niliyokuwa nikiiandika wiki zile ulipokuwa umelala mgonjwa kwa dada yako, huwezi tena kuja kiwandani? Ile ya kuchagua kontrola mpya ya boila. Ya zamani ilikuwa moja tu, na wewe ulikuwa ukiiita mjane. "Huyu mjane akifa," ulikuwa ukisema, "nani ataiambia pampu ilete maji?" Meneja akanipa mimi kazi hiyo, mimi mwenye shahada na mikono laini: nitafute kontrola mbili, moja ikifa nyingine ishike papo hapo. Nilisoma vitabu vya watengenezaji mpaka macho yakaniuma. Nikachagua seti moja nzuri, kontrola mbili ndani ya kabati moja, zinapata umeme kupitia swichi moja. Nikatia sahihi. Nikaja mbio kukwambia nimemaliza.

Ukanishika mkono. "Ahsante, msomi wangu. Sasa watu wangu wamepona." Hukuniuliza kabati ngapi. Uliniamini. Hapo ndipo panaponiuma.

Watu wako ni Mishi na Zainabu na wenzao, wanaosimama zamu ya kutazama maji, hatua tatu kutoka kwenye boila. Maji yakishuka na moto unawaka, boila hupasuka. Hatua tatu si kitu.

Arobaini yako tuliisoma kwa dada yako. Baada ya hitma yakaja masinia ya pilau, tukakaa watano watano. Mishi na Zainabu walikuwa waingie zamu pamoja jioni ile. Zainabu alikuwa keshanawa, mkono wake umo siniani. Mishi akakaa pembeni, akafungua kitambaa, akatoa muhogo wa kuchemsha aliokuja nao kutoka kwake.

"Hata leo, Mishi?" shangazi yako akamaka. "Pilau la marehemu unaliringia?"

"Siringi, shangazi. Zainabu anakula pilau, mimi nakula muhogo wangu. Tukiumwa na matumbo sote wawili, nani atatazama maji?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Saumu mtupu!" na hapo hapo akaanza kulia. Kila mtu alikumbuka ile harusi ya kule Jego, ulipokataa sinia mbele ya mama wa bibi harusi kwa sababu mwenzako wa zamu alikuwa keshakula, na yule mama akakununia mpaka Ramadhani. Nami nilicheka. Kisha tonge likanikwama mkononi.

Walaji wawili, sinia moja. Kontrola mbili, swichi moja.

Miaka miwili nilikuona ukila chakula chako peke yako, nikidhani ni tabia tu, kama wengine wasivyokula pweza. Sikuwahi kukuuliza. Nilikuwa nasoma vitabu, Bi Saumu, na somo lilikuwa limekaa mbele yangu linamenya muhogo.

Siku ya pili nikaingia kwa meneja na kumwambia barua yangu ina kosa. "Hii sahihi ni yako, au kuna Amina mwingine?" akauliza. Nikasema ni yangu, na nimekosea. Akamwita wakala wa muuzaji kutoka Mombasa, akaja na seti ya maonyesho, akaiwasha juu ya meza.

"Dada, mbili ni mbili," akaniambia, anatabasamu.

Nikanyoosha mkono nikaizima ile swichi. Zote mbili zikazima.

"Lakini hakuna atakayeigusa hiyo kiwandani!"

"Panya anaweza. Mvua inaweza. Mimi nimeweza sasa hivi."

Meneja akanirudishia ile barua yangu. Kisha akasema, "Andika nyingine."

Niliandika nyingine. Safari hii niliwasomea kwanza Mishi na Zainabu, mstari kwa mstari, tumekaa juu ya magunia ya mbata. Tulichagua kontrola zinazoweza kukaa mbalimbali: kabati moja huku, jingine upande wa pili wa jengo, kila moja na umeme wake, kila moja na kipimo chake cha maji. Na ile inayopumzika hailali. Inasoma maji muda wote pamoja na mwenzake, ili ikipokea isianze kuuliza tumefika wapi. Zilichelewa kufika. Miezi ile yote mjane alibaki kazini, nami nilikuwa nikimwombea kama mtu.

Wiki iliyopita tukazijaribu, moto unawaka, mvuke umepanda. Ilibaki mtu wa kuizima kontrola iliyo kazini. Mafundi wakatazamana. Nikaenda mimi. Nakiri kwako tu kwamba nilifumba macho. Mishi alikuwa kwenye kioo cha kupimia maji ya boila, anasoma kwa sauti: "Nusu. Nusu. Bado nusu." Kisha akapaza sauti, "Amina, fumbua macho wewe, imeshapokea!" Zainabu akapiga kigelegele mpaka wapakiaji wakaja kuchungulia nani ameolewa.

Ahsante, Bi Saumu. Ahsante kwa kunifundisha kupima joto la bomba kwa mgongo wa mkono. Ahsante kwa kuniita msomi bila kunicheka, siku ambazo nilistahili kuchekwa. Ahsante kwa kununiwa kwako Jego. Laiti ningekuuliza ukiwa hai. Ungenieleza kwa maneno mawili, kisha ungenipa kipande cha muhogo.

Nakuahidi: kila mwezi nitaizima moja kwa mkono wangu, watu wakiwepo, macho wazi. Na sitatia sahihi tena karatasi ambayo wanaosimama mbele ya moto hawajasomewa.

Mola akupe raha huko uliko. Pumzika, mamangu. Zamu yako imepokewa.

Mwanao wa kazi,
Amina