Singo ya Dada Kielo

Jumapili, 2 Juni

Shule imekwisha jana. Tumeimba ule wimbo wa majira ya joto, tumepeana mikono na walimu, basi. Kemia nimepata tisa kwa kumi! Chini ya cheti mwalimu wa darasa ameandika kwamba ningeweza kusema zaidi. Miaka tisa wanaandika hivyohivyo. Mama amekibandika kwenye mlango wa friji, akasema tisa ni tisa.

Leo dada Kielo kaja kutoka mjini na jambo. Harusi yake na Aarno ni tarehe 15, hilo tulilijua. Jipya ni kwamba mama mkwe wake, Mama Gunvor, mwenye saluni ya urembo kule pwani, alitaka kumpa zawadi ya kutengenezwa uso siku tatu mfululizo. Kielo kakataa. Kamwambia uso wake utatengenezwa nyumbani, na mdogo wake.

Mdogo wake ni mimi.

Anasema mafuta yangu ya utomvu ndiyo pekee yaliyomponya mikono yake, ile iliyopasuka kwa kukanda unga kule anakooka mikate. Sawa. Mafuta naweza. Lakini Alhamisi kabla ya harusi ni sauna ya bibi harusi, kuogeshwa kwenye chumba cha mvuke, na anataka mimi ndiye nimwogeshe! Mwogeshaji hakai kimya. Ndiye anayemsinga, ndiye anayeshika kicha cha majani ya mti wa betula cha kumchapia mgongo, ndiye anayetaja wapenzi wote wa zamani mmoja mmoja na kuwafukuza kwa mvuke — kwa sauti, mbele ya wanawake wote. Nimemwambia ampe rafiki yake yeyote. Amejibu kwamba rafiki zake wanajua kupiga kelele, hawajui kupika mafuta.

Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali.

Jumatano, 5 Juni

Msituni na Bibi Lempi tangu asubuhi. Tumekwangua utomvu kwenye misonobari yenye vidonda, kopo zima. Mbu wametumaliza.

Utomvu umeyeyuka polepole kwenye mafuta ya kupikia, nikauchuja kwa soksi ya zamani ya Mama (safi!), nikaongeza nta ya nyuki. Umeganda vizuri, rangi ya asali. Nyumba nzima inanuka kama mashua iliyopakwa lami. Mama kafungua madirisha yote.

Bibi kanifundisha maji ya majivu ya kuoshea nywele. Majivu ya betula tu, si ya kuni nyingine, maji ya moto, kisha unayaacha yatulie mpaka yawe maangavu. Yanateleza mkononi kama sabuni. Nimemuuliza kama kweli zamani waliosha nywele hivi. Kavua kitambaa chake, kanionyesha nywele zake. Ana miaka themanini na moja na zinang'aa. Basi, jibu nimelipata.

Jumamosi, 8 Juni

Friza! Kila Juni ni vita ileile: lazima iwe tupu kabla beri mpya za buluu hazijaiva msituni. Tumekula pai ya beri, uji wa beri, tumekunywa maji ya beri, na bado makopo kumi na moja. Mama kasema atakayeyamaliza atakumbukwa katika sala.

Juzi nilipata wazo. Barakoa ya uso! Beri zilizopondwa, oti za kusaga, kijiko cha asali. Haigharimu chochote.

Nimeijaribu mkononi mara tatu, dakika kumi kila mara, nikaosha kwa maji ya ziwani. Ngozi laini mno. Zambarau kidogo imebaki, nikiamka imeondoka. Sauna ni Alhamisi, harusi Jumamosi. Nafasi ipo tele.

Sehemu iliyobaki ameila Nappi, mbwa wetu. Ulimi wake ni wa buluu, anatembea nao nje kama mwenye habari.

Jumanne, 11 Juni

Kielo kanipa majina ya kufukuzwa. Ni matatu. Wa tatu ni Ensio, mpiga kinanda wa kanisa letu! Ndiye atakayepiga kinanda siku ya harusi. Tena anakaa ng'ambo ya ziwa, taa ya gati lake tunaiona kutoka saunani.

Nimefanya mazoezi kwenye banda la kuni. Nimewafukuza wote watatu mbele ya kuni zilizopangwa. Kuni zimesikiliza vizuri. Bibi kapita nje, kauliza kama kuna paka mgonjwa humo ndani.

Halafu usiku huu — simu. Mama Gunvor anakuja kwenye sauna. Saluni yake ina vyeti ukutani, Kielo ameviona. Mimi nina cha shule, kwenye friji.

Alhamisi, 13 Juni

Lazima niandike yote sawasawa.

Tulikuwa wanawake tisa. Mama Gunvor alikaa benchi la juu kabisa, mgongo wima, kwenye joto lililomshusha hata Mama. Nikamwaga maji juu ya mawe, nikataja jina la kwanza. Ilitoka pumzi tu. Bibi akasema kwamba kwa sauti hiyo huyo mwanamume hata hasikii, sembuse akimbie. Wakacheka, na mimi nikacheka. La pili lilitoka kidogo.

Nikamsinga Kielo kwa chumvi na asali, mgongo, mabega, mikono. Kisha barakoa. Akawa zambarau kuanzia shingo kwenda juu, kila mtu akafurahi. Mama akauliza yamebaki makopo mangapi.

Nikamsuuza uso kwa maji. Ikabaki zambarau hafifu, kama mkononi kwangu. Vema. Nikachukua maji ya majivu, nikamwosha nywele. Yakatiririka usoni.

Ikageuka! Kwanza kijivu. Halafu buluu. Buluu ya kweli, ya bendera, paji lote la uso na masikio. Kielo alikuwa amefumba macho, bado anacheka. Mama akamwambia asijishike. Mmoja wa rafiki zake akakimbilia sabuni, akamsugua, na kidevuni ikaingia kijani. Wote wakazungumza kwa wakati mmoja. Kielo akafumbua macho, akajiona kwenye maji ya ndoo, kicheko kikamkatika. Hicho ndicho kilichoniumiza. Mama Gunvor akateremka taratibu, akasema ana dawa ya kutoa rangi ndani ya gari, kali kidogo, lakini inatoa.

Na mimi nikakumbuka chupa za darasa la kemia. Kabichi nyekundu. Tulitia sabuni, ikawa buluu. Tulitia siki, ikawa waridi. Majivu ni kama sabuni! Kila mtu alikuwa anaongeza kilekile kinachoharibu. Mkononi nilijaribu barakoa peke yake. Majivu nayo peke yake. Viwili pamoja sikujaribu hata mara moja. Tisa ya kemia!

Nikasema, "Wekeni sabuni chini. Mtu asimguse."

Wakaiweka. Mama akanitazama kama mgeni kaingia.

Siki ingemchoma macho. Lakini kwenye friji kulikuwa na mtindi wa chakula cha jioni, lita mbili, nao ni mchachu kama siki. Nilikimbia na taulo tu, nikajigonga dole la mguu kwenye ngazi, nikarudi. Nikampaka uso mzima kwa viganja. Buluu ikalegea, ikawa zambarau, ikawa waridi. Kielo akauliza yukoje. Bibi akamwambia yuko kama mtu aliyepigwa busu kutwa nzima. Hapo akacheka tena, na mtindi ukamwingia puani.

Waridi halikutoka. Lakini si buluu.

Tukawa tunavaa, Kielo akasema wa tatu bado hajafukuzwa. Sauna haijaisha. Basi nikarudi ndani, nikamwaga maji kata nzima, mlango wazi, nikapaza sauti: "Ensio! Toka, usirudi!"

Kutoka ng'ambo ya ziwa sauti ya mwanamume ikauliza, "Naam?"

Bibi alilazimika kukaa chini.

Mama Gunvor peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama uso wa Kielo. Kabla ya kuondoka akaniambia atafika Jumamosi asubuhi, na sanduku lake la saluni.

Ijumaa, 14 Juni

Mtindi asubuhi, mtindi mchana, mtindi jioni. Kidevu kimetoka. Shavu la kulia limetoka. Paji bado, sikio la kushoto bado zaidi.

Mama kashauri shela. Kielo hataki shela, na nywele anataka zibanwe juu. Tena nywele zenyewe, jamani! Zinang'aa kama za Bibi.

Nimemwambia samahani. Kasema nimwambie kesho, kama itahitajika.

Simu imelia, nikaipokea mimi. (Mimi!) Mama Gunvor. Aliuliza dakika ngapi kila mara, na mtindi wa baridi au vuguvugu. Nikamjibu. Akasema vizuri, akakata.

Jumamosi, 15 Juni, saa nne asubuhi

Ibada ni saa saba. Naandika kwenye ngazi.

Amefika saa tatu. Sanduku lake lina droo, linafunguka kama ngazi. Kalivuta dirishani, kamgeuza Kielo kichwa huku na huku. Paji ni safi, kasema. Limebaki sikio, na kipande kwenye panja, ukubwa wa jani. Kwa krimu zake angekifunika dakika kumi, ila ni joto leo, na bibi harusi atalia, na krimu zikichanganyika na machozi hajui kitatokea nini. Kisha akamuuliza Kielo afanye nini.

Kielo hata macho hakufumbua. "Muulize Sointu. Uso huu ni wake mpaka saa sita."

Akanigeukia. Mama kasimama mlangoni na gauni mikononi.

Nikasema mtindi mara moja tena, vuguvugu, na oti ndani yake, robo saa. Halafu ngozi ipumzike kidogo. Halafu krimu, kama bado itahitajika — ila kwanza tuijaribu pamoja na mtindi, kwenye mkono wangu. Nilisema yote hayo bila kusita.

Akauliza nani atashika saa. Nikasema yeye.

Anaishika. Namwona kutoka hapa, kaivua mkononi, kaiinua mbele ya macho. Krimu yake iko mkononi kwangu, pembeni ya tone la mtindi. Mpaka sasa haijageuka rangi. Kanisani Ensio anafanya mazoezi, upepo unaleta vipande vipande.

Zimebaki dakika nne.

Nimemwambia Mama Gunvor asogee, anazuia mwanga. Nimesema kwa sauti ya kawaida tu. Amesogea.

Dakika moja. Nachukua kitambaa cha kumfutia.