Bibi Amekataa Kufufuka

Mpendwa Shangazi Thục,

Naomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine gazetini, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho, maana mimi nilicheka mwanzoni na sasa nimekoma. Naitwa Triết, nina miaka ishirini na saba, naishi hapa Saigon, Wilaya ya Nne, kwenye kichochoro ambacho skuta mbili zikikutana moja lazima irudi nyuma, na kazi yangu ni kuongoza wageni kwenda kula vyakula vya barabarani, kila mgeni anapakiwa nyuma ya dereva wake, tunawapeleka kwa wapishi wa kweli, wale wa viti vya plastiki vya kimo cha paka, na kampuni imewaahidi kwamba watakula kile tunachokula wenyewe.

Sasa mwezi wa pili wa kalenda yetu, siku ya karamu ya kumkumbuka marehemu babu, niliomba ruhusa nikanyimwa, nikajikuta barabarani na wageni sita wenye njaa, nikawapeleka kwa Bi Lài wa wali wa chenga, nikakuta kafunga, kumbe naye amekwenda kijijini kumfanyia marehemu mama yake karamu, na mgeni mmoja alikuwa ameanza kutafuna barafu ya kwenye glasi, na nyumbani ni kona mbili tu kutoka pale, na harufu ya jiko la mama ilikuwa inafika mpaka tuliposimama. Nikawaza, mbona kwetu kuna chakula? Nikawapeleka. Baba yangu mdogo, ambaye wote tunamwita Bảy, yaani Saba, kwa hesabu yetu ya watoto, alikuwa mlangoni.

"Wangapi?" akauliza.

"Kumi na mbili, pamoja na madereva."

"Pita, pita! Kwa marehemu hakuna tiketi!"

Wakala, Shangazi. Wakala supu ya karela zilizojazwa nyama, na samaki wa kukaanga, na nguruwe aliyechemshwa na mayai kwa maji ya dafu, na mchuzi wa kuku wa bizari wa kuchovya mkate, vyote vile alivyopenda babu, na bibi yangu mwenye miaka themanini na moja akamkalisha mama mmoja wa Norwe karibu naye, akawa anamtolea miiba ya samaki kwa vidole vyake mwenyewe. Yule mama akaenda kuandika mtandaoni kwamba amekula Saigon nzima na hicho ndicho chakula pekee ambacho hakikupikwa kwa ajili yake, kwa hiyo ndicho halisi. Kesho yake bosi wangu, Dada Cẩm Tú, akaniita.

"Nataka ile ya babu. Kila Jumanne na Ijumaa."

"Dada, babu alikufa mara moja, na karamu yake ni mara moja kwa mwaka."

"Hiyo ni ratiba ya familia. Mimi nakupa ratiba ya kampuni."

Ningekataa, najua, lakini bibi alikuwa ameshaondoka kwenda Bến Tre kumuuguza shangazi yangu aliyejifungua, hapakuwa na mtu mzima wa kutuzaba vibao, na mama alikubali kwa sababu miaka thelathini amepika na hakuna aliyewahi kuipiga picha supu yake, na baba mdogo Bảy alikubali kabla sijamaliza kusema, kwa sababu karamu bila bia si karamu. Basi babu akaanza kufa. Alikufa Jumanne, akafa Ijumaa. Baba mdogo ndiye alikuwa anasimulia alivyokufa, mimi natafsiri, na wiki ya kwanza alisema kweli, kwamba mzee alilala na redio ikiwa wazi hakuamka, lakini wageni hawakulia, basi wiki ya nne babu akaliwa na mamba mtoni akimwokoa nyati wa kulimia wa jirani, na wageni wakalia, na tangu hapo mamba akawa hakosekani.

Wiki ya sita mgeni mmoja akarudi na mkewe, akaitazama picha ya babu kwenye meza ya mababu, akaninong'oneza, "Huyu si tulimkumbuka mwezi uliopita?" Ikabidi tubadilishe picha. Tukaweka kaka yake babu, kisha shangazi wa mama, kisha babu mmoja wa zamani ambaye picha yake imefifia mpaka anaweza kuwa mtu yeyote, chakula kikabaki kilekile kwa sababu mama ameshakizoea na wageni ndicho walichokifuata, mpaka wiki ya kumi na moja baba mdogo akajikuna kichwa akasema, "Triết, tumeishiwa wafu." Kisha akatazama juu ya kabati.

Shangazi, unajua wazee wetu. Miaka mitatu iliyopita bibi alikwenda kwa mpiga picha amevaa vazi la mahameli ya buluu na mkufu wa lulu, akapiga picha tano akachagua moja, akamkataza yule kijana asimfute makunyanzi, akaitia kwenye fremu, akaifunga kwa kitambaa chekundu, akaiweka juu ya kabati isubiri siku yake.

"Ile pale," akasema baba mdogo.

"Baba mdogo, yule yuko hai!"

"Picha iko tayari, fremu iko tayari, anayekosekana ni marehemu tu. Tunaazima, hatuibi."

Nikapanda juu ya kiti mwenyewe nikaishusha. Sikulazimishwa na mtu.

Ijumaa ile bibi alirudi siku moja kabla ya tuliyoambiwa, ana gunia la nazi, akakuta wageni tisa wamesimama na vijiti vya udi mikononi wanamwinamia yeye, na baba mdogo amefika pale ambapo bibi, kwa pumzi yake ya mwisho, anamsamehe mamba. Mama akaangusha upawa. Bibi akasimama mlangoni.

"Nani kafa?"

Mholanzi mmoja mrefu akaenda akamshika mikono yote miwili, akaniomba nitafsiri kwamba anampa pole, na kwamba anafanana sana na marehemu, bila shaka ni dada yake. Nikatafsiri! Sijui kwa nini, ni mazoea ya kazi.

"Mwambie ni kweli tulifanana," akasema bibi. "Tulikuwa hatuachani. Ila marehemu alikuwa na mjukuu mpumbavu, na hicho ndicho kilichomuua."

Nikatafsiri hilo nalo, isipokuwa mwisho. Bibi akaketi kwenye mkeka, akafunua vyungu kimoja kimoja, akachungulia, akafunika, kama mtu anayetafuta hereni iliyoanguka, akala matonge matatu, akasema, "Asanteni kwa kunikumbuka." Tangu siku hiyo, Shangazi, bibi yangu amekufa.

Haitikii mpaka awashiwe vijiti vitatu vya udi. Mama akimwita aje atazame tamthilia yake, anasema wafu wanaona yote bila televisheni. Mama wa ofisi ya mtaa alikuja kuandika majina ya wazee, bibi akamwambia, "Huyo unayemtafuta amehama, mfute." Anakula mezani Jumanne na Ijumaa tu, wageni wakiwepo na udi ukishateketea, kwa sababu anasema hizo ndizo siku zake, na siku nyingine anakaa kizingitini na bakuli la uji mweupe wa mchele, ule tunaowawekea nje mizimu isiyo na kwao, na mama akimlilia ale wali anajibu kwamba katika nyumba hii ameshajua yuko kundi gani. Ni wiki ya tatu sasa. Mikono yake imekuwa kama vijiti vya kulia chakula.

Nimempigia magoti, akaujibu ukuta. Nimeishusha ile picha, akairudisha mwenyewe, akaifuta vumbi kwa mkono wa nguo, akaniambia, "Mwache marehemu apumzike." Nataka kuziacha hizi ziara, lakini wageni wasipokuja bibi hatakuwa hata na zile siku mbili za kula, na nikiendelea basi namzika bibi yangu mara mbili kwa wiki, na Dada Cẩm Tú amepata habari akaweka kwenye tangazo kwamba mgeni atakula pamoja na marehemu mwenyewe ana kwa ana, tumejaa mpaka mwezi wa nane. Bibi ndiye aliyenilea tangu nina miaka mitano, Shangazi. Naogopa atakufa kweli kwa ajili ya kufa huku kwa uongo. Niendelee au niache? Nijibu haraka, Jumanne haiko mbali.

Triết, Wilaya ya Nne

*

Triết,

Nilicheka kwenye mamba. Kwenye uji niliacha. Mwanamke wa miaka themanini na moja anakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe anakula chakula cha mizimu isiyo na kwao, na wewe unaniuliza habari za Jumanne!

Pole, mwanangu. Nimeshasema pole, sasa nyamaza usikilize.

Unadhani kilichomuudhi ni picha. Mimi pia ninayo yangu juu ya kabati, nimevaa zambarau, na jirani akija kunywa chai namwonyesha. Bibi yako aliichagua ile picha katika tano, haiogopi hata kidogo. Wala hakuudhiwa na mamba. Nina hakika kifo cha mamba kilimfurahisha, ni kizuri kuliko vifo vingi vya wilaya yenu.

Soma tena barua yako pale anapofunua vyungu. Hata mtoto wa chekechea wa mji huu anajua kwamba siku ya marehemu hupikwa kile marehemu alichopenda. Karela alipenda babu yako. Nguruwe wa maji ya dafu ni wa babu yako. Kuku wa bizari, babu yako. Ikafika siku ya bibi, mkatundika uso wake, mkampikia chakula cha mumewe! Amempikia yule mzee karela miaka yote hiyo, akamzika, akarudi safari na gunia la nazi begani, akakuta amekufa na yeye, na bado ni karela. Alifunua kile chungu na kile na kile, akijitafuta, na hakujiona popote. Hapo ndipo alipojua yuko kundi gani.

Na wewe ni mtu wa kazi hii. Unajua mama wa Norwe alitolewa miiba, unajua nani alitafuna barafu, unajua Bi Lài anafunga lini. Nimeipitia barua yako mara mbili na kalamu ya risasi, natafuta kitu kimoja tu ambacho bibi yako anapenda kula. Hakimo. Usikimbilie kunijibu kwamba anapenda kila kitu. Hayo ni maneno ya wajukuu wavivu. Bibi anayependa kila kitu ni bibi aliyekuwa anakula kilichobaki.

Haya. Leo hii, ukimaliza kusoma, mpigie Dada Cẩm Tú umwambie babu amemaliza kufa na bibi hayuko kwenye orodha ya vyakula. Akifoka, mwambie alete wafu wa kwao. Baba yako mdogo Bảy asimame mbele ya meza ya mababu, awaombe radhi mmoja mmoja kwa jina, pamoja na yule aliyefifia, na asiguse bia mpaka jivu la udi liwe limesafishwa lote. Mama yako usimkaripie. Mwambie supu yake ni tamu, mwambie wewe mwenyewe, bila mgeni wa kutafsiriwa.

Kisha bibi. Usimpigie magoti tena, maana ukipiga magoti unampa yeye kazi ya kukuinua. Saa kumi alasiri, jua likipungua, leta skuta mlangoni. Kama bado anadai udi, washa vijiti vitatu. Wafu huitwa kwa adabu, basi mwite kwa adabu: "Bibi, nimekuja kukuchukua, twende ukale." Atakataa. Mwite tena. Mvalishe kofia ngumu, umfunge mkanda wa kidevuni mwenyewe, taratibu, ngozi ya wazee hubanwa upesi. Usimuulize pale nyumbani anataka nini, atasema, "Chochote," naye atakuwa anasema ukweli wa miaka sitini.

Endesha polepole. Usimweleze historia ya jengo lolote. Usiseme kibanda fulani ni halisi, yeye alikuwa mteja pale kabla mama yako hajazaliwa. Mtavuka daraja la kwanza, labda na la pili. Akikugonga bega, simama hapo hapo, hata kama ni kwenye kile kibanda unachowakataza wageni wako kwa sababu ya ndoo ya kuoshea bakuli. Agiza mbili. Kula chote, hata kama ni yule samaki wa kuchachushwa ambaye mbele ya wageni bila shaka unajidai unampenda. Wala usimpige picha!

Mkirudi nyumbani, akiifunga picha yake kwenye kitambaa chekundu, usipige makofi, mletee maji anawe. Akiiacha pale mezani, iache, na kesho saa kumi washa skuta tena. Wiki nzima kama ni lazima. Na mwezi.

Na pale kwenye viti vya plastiki, muulize hicho anachokula hupikwaje, nani alimpikia mara ya kwanza, chumvi huingia lini. Andika yote, umpelekee mama yako ajifunze. Siku moja ile picha itasimama mezani kwa haki yake, jiko litawashwa, na hakutakuwa na wa kumuuliza.